Baluku Aliendesha, Baluku Hakuendesha

Habari ilifika kwenye benchi la kahawa la Mama Laurentine kabla ya mwenyewe. Aliileta Blasio, fundi cherehani wa soko la Kasese, ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanikiwa kumzima.

"Baluku amefika Kyarumba kwa baiskeli," akasema kabla hajakaa. "Toka hapa Kasese, akapita Kikorongo, akapanda ile milima yote. Juzi. Binamu yangu alimwona kwa macho."

Baluku yupi? Yule mpakizi wa magunia ya kahawa pale stesheni. Mwaka mzima ule wa sabini na tatu alikuwa hajawahi kuendesha baiskeli mbali kuliko kanisani. Benchi likaguna, likaomba kahawa nyingine.

"Hapana," akasema Omara.

Omara alikuwa polisi wa kambini, mtu wa kaskazini, na jina lake la benchi lilikuwa Afande Hapana. Ukimwambia mvua inanyesha, atakataa huku analowa. Baiskeli yenyewe ilikuwa yake, Baluku aliiazima tu, ndiyo maana alijiona hakimu wa safari nzima.

Mara Baluku akatokea, anachechemea, kwa miguu. Baiskeli hakuwa nayo. Akaona Afande bado hajalitambua hilo, akakaa ncha ya mbali ya benchi. Alikuwa amekwenda kujitambulisha kwa baba wa Mbambu, msichana aliyetaka kumwoa, na yaliyompata huko hayakuwa ya kumwambia polisi haraka haraka. Kwanza alitaka asifiwe kidogo, na alistahili, jamani.

"Eleza," Redio akamwambia.

Baluku akaeleza. Mbugani tembo walisimama katikati ya barabara, naye akajificha nyuma ya lori mpaka wakamaliza shughuli zao. Baada ya Kikorongo ukaanza mlima. Akakanyaga hadi miguu ikagoma kumsikiliza. Mnyororo ukatoka, akaurudisha, akakanyaga tena, jasho linamwingia machoni.

"Kuanzia leo mniite Pedali," akamaliza.

"Hapana," akasema Omara. "Ulishuka?"

"Kidogo, afande. Pale penye mawe."

"Ukasukuma?"

"Nikasukuma."

"Na ile njia ya miguu ya kupandia Kyarumba kwenyewe? Pale hata kusukuma haiwezekani. Sema."

Baluku akajikuna shingo. "Pale nilibeba kichwani."

Benchi zima likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Sosthène, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kila siku ya soko akitokea Bwera, akajipiga paja. "Velo ku kichwa. Sasa huyu mutu alipanda velo, ao velo ndiyo ilimupanda?"

"Kwetu kila kitu kinapanda kwa kichwa," Baluku akajitetea. "Ndizi, maharage, kahawa. Sikufikiri mara mbili."

Omara akasimama, akavaa kofia yake ya kazi. "Sikilizeni hukumu. Baiskeli ikiwa chini ya mtu, hiyo ni baiskeli. Ikiwa juu ya mtu, huo ni mzigo. Huyu hakuendesha. Alipeleka mzigo Kyarumba. Kesi imekwisha."

Ilimuuma Baluku. Safari ndefu kuliko zote maishani mwake, mapaja bado yanawaka moto, na sasa imekuwa mzigo. Lakini papo hapo akaona kwamba Afande amemfungulia mlango bila kujua.

"Afande amesema kweli," akasema polepole. "Hata baba yake Mbambu alisema hivyo hivyo."

"Unaona. Mzee mwenye akili."

"Alisema, kwao kitu kinachoingia uani juu ya kichwa cha kijana anayekuja kuposa ni zawadi, na zawadi haitoki tena. Akaipokea kwa mikono miwili. Akina mama wakapiga vigelegele."

Mama Laurentine akaacha kumimina. Omara akageuka kuutazama ukuta ambapo baiskeli huegemezwa.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Nyuma ya jiko lao, afande. Wamemfunga mbuzi hapo hapo kwenye baiskeli."

"Hukumwambia ni ya kuazima?"

"Nilifungua mdomo. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Na Mbambu alikuwa ananitazama."

Omara akakaa. Akasimama tena.

"Basi uliendesha," akasema.

"Nani, afande?"

"Wewe. Toka hapa mpaka mlangoni kwa mzee. Sikieni wote, huyu kijana ni simba, hakushuka hata penye mawe. Kitu kilichoendeshwa si mzigo, na kama si mzigo, si zawadi. Jumapili tunapanda wote, unamwambia mzee hivyo mbele yangu."

"Mama, pima homa ya Afande," akasema Sosthène. "Leo amekubali kitu."

Baluku akainamia kikombe chake. Yote aliyoyatamani tangu asubuhi alikuwa anamiminiwa bure: sifa, jina, hata ushahidi wa serikali. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Kisha Jumapili asimame katika ua ule, Mbambu anamtazama, yeye mposaji aliyekuja mikono mitupu na sasa amerudi kunyang'anya.

"Sikuendesha, afande."

"Uliendesha. Hiyo ni amri."

"Nilibeba. Toka hapa sokoni nilibeba. Tembo wenyewe walinicheka."

"Afande," akasema Mama Laurentine, mtu wa ng'ambo kama Sosthène, bila kuinua macho, "hukumu ulitoa weye. Siye wote tulisikia. Na kofia ulikuwa umevaa."

Omara akaivua ile kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kesho alfajiri, kambini," akamwambia Baluku. "Mpaka nipate baiskeli nyingine, sanduku langu la kazi unabeba wewe. Si wewe ndiye mbebaji?"

"Ndiyo, afande."

Akaondoka kwa hatua za gwaride. Redio naye akatoka mbio kuipeleka habari sokoni, Sosthène akafunga vitenge vyake kuwahi gari la Bwera. Baluku akangoja mpaka buti zikapotea kwenye kona.

"Mama Laurentine," akanong'ona, "ule mlima mrefu baada ya Kikorongo, kabla ya mawe. Sikushuka. Mpaka juu kabisa, sikushuka."

Mama Laurentine akamjazia kikombe, akamsogezea.

"Nyamaza," akasema. "Unamutaka Mbambu ao humutaki?"