Sauti ya Vijana, Kambi Namba Tano

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimeamua. Kambi yetu itakuwa na redio yake! Ile ya Nairobi inatupa salamu na matangazo ya vifo, basi. Sisi vijana wa majani chai tutasema wenyewe habari za haki zetu, bila kuomba ruhusa. Mimi, Ondieki, karani wa mizani, nitakuwa mkurugenzi na mtangazaji. Kiplangat, fundi wa redio hapa sokoni, ameunda mtambo wa kurushia matangazo kwa vipuri vya redio mbovu. Unasikika kambi nzima. Nilitaka tuiite Sauti ya Ondieki. Akasema afadhali aubomoe. Haya, Sauti ya Vijana.

Jumatano, 6 Machi
Matangazo ya kwanza! Saa kumi na moja jioni, nyuma ya duka la Kiplangat. Nilihutubia dakika arobaini juu ya uhuru wa kusema. Hotuba nzuri mno. Baadaye nikaambiwa waya wa betri ulichomoka dakika ya nne. Kiplangat alikuwa ameona. Eti hakutaka kunikatiza, nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 7 Machi
Amekuja Bitutu, mchumaji wa shamba la juu. Nilimpa kiti, hakukaa. Mdogo wake, Marcella, alishikwa na uchungu wa kuzaa wiki jana akiwa kazini. Alimwomba nyapara Ratemo ruhusa aende hospitali. Akaambiwa ajaze kikapu kwanza. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye majani, mvua ikinyesha, akafa. Bitutu anataka kuyasema redioni. Nikamwambia nafasi ipo, dakika tano, baada ya shairi langu. Kiplangat alinitazama tu. Nimelifuta shairi. Sehemu kubwa yake.

Ijumaa, 8 Machi
Amesema. Hakulia.
"Mimi ni Bitutu. Ndugu yangu aliomba ruhusa saa tatu. Saa sita alikuwa bado anaomba. Mtoto alikuwa msichana. Nauliza tu, hicho kikapu hakingengoja?"
Basi. Nje, watu walikuwa wamesimama mbele ya kila nyumba yenye redio. Machozi yalinitoka. Halafu nikashika maikrofoni nikatangaza kwamba walikuwa pamoja na Ondieki. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Jumamosi, 9 Machi
Meneja alifika mizanini na askari wawili wa kampuni. Akauliza redio ni ya nani. Nikasema nasikia inatoka mbali, mjini Londiani. Akasema mtangazaji alijitaja jina. Nikasema akina Ondieki ni wengi. Mungu anisamehe! Kiplangat alikuja kwa miguu yake akasema mtambo ni wake. Wakamfungia stoo. Bitutu naye akasema sauti ni yake, hakutumwa na mtu. Ameamriwa kuhama nyumba ya kampuni kufikia Jumatatu. Alipita mbele yangu. Hakunitaja. Ningeona afadhali angenitaja.

Jumatatu, 11 Machi
Wachumaji hawakuingia shambani! Waliketi barabarani, wake kwa waume, Wagusii na Wakipsigis, vikapu vitupu mbele yao. Marcella alikuwa katikati, amejifunika leso. Mimi nilibaki mizanini peke yangu nikingoja majani ambayo hayakuja. Miguu ilitaka kwenda. Haikwenda.
Saa saba meneja alikubali madai yao. Bitutu asihame. Ratemo aache unyapara. Mwenye mimba akitaka kwenda hospitali, asiombe ruhusa ya mtu. Kiplangat ametolewa stoo, bila mtambo, mdomo umevimba. Nilimpelekea uji. Alikunywa polepole. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilitamani aulize.

Jumanne, 12 Machi
Wachumaji wamemchagua Bitutu awasemee mbele ya meneja keshokutwa. Amekuja mizanini mwenyewe, leo amekubali kukaa.
"Karani, una mwandiko mzuri. Utaniandikia maneno yangu nisisahau?"
Nilikubali hapo hapo. Nikachukua kalamu. Akasema, nikaandika, neno kwa neno, mpaka jina ambalo Marcella alikuwa amemchagulia mtoto. Yote yametosha nusu ukurasa. Akaniamini, akaenda zake.
Nimeongeza kurasa sita zangu, za utangulizi.