Dawa ya Titi la Kushoto

Jumatatu, tarehe 2 Juni. Butembo.

Nimepata kazi yangu ya kweli! Kwaheri ufundi wa redio, kwaheri ufugaji wa sungura (walikufa). Kuanzia leo mimi, Ézéchias, ni homéopathe, tabibu wa matone. Nimeokota kijitabu cha Kifaransa sokoni. Kurasa za mwisho hazipo, lakini maumivu ya matiti yapo, ukurasa wa 31. Sheria ni moja: tone la dawa katika maji mengi, tikisa, chukua tone la hayo, changanya tena. Kadiri dawa inavyopungua ndivyo nguvu inavyozidi! Mwishowe unalowesha vidonge vya sukari.

Na Falonne, mke wangu, anaumwa titi la kushoto tangu mwezi uliopita. Haniambii. Namwona tu akilishika. Dada yake Berthe alianza hivyohivyo, kule Luofu. Tulimzika mwaka juzi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Nikimponya, wanawake wote wa soko watakuja kwangu. Nikishindwa... Hapana. Sishindwi.

Shida ni sukari. Falonne anaiuza dukani kwake, lakini depo, yaani stoo yake, imefungwa. Mwezi uliopita nilichota kidogo tu (kilo sita, kwa majaribio ya divai ya matunda ya maracuja), na tangu siku hiyo ameficha ufunguo wa kufuli, ule wa chuma, mrefu kama kidole changu. Nimetafuta chini ya godoro, ndani ya Biblia, ndani ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Hakuna.

Jumanne, tarehe 3.

Kijitabu kinataka mgonjwa aulizwe kila kitu. Je, huota nyoka? Hupenda chumvi? Huumwa zaidi akitembea? Nimemuuliza Falonne maswali arobaini na mawili akiwa anawapimia wateja mchele. Kwenye la ishirini alinirushia kikopo. Nimefurahi mno! Imeandikwa: mgonjwa wa dawa iitwayo Bryonia hukasirika akiulizwa maswali. Basi ni Bryonia!

Jirani yetu Mélanie, muuguzi aliyetumwa huku kutoka Kasai, alikuwepo. Akasema mbele ya wateja kwamba titi linapimwa, haliulizwi habari za nyoka. Akamwambia mke wangu: "Mama Shekinah, kuya tu ku hôpital, tukuangalie." Wivu wa kikazi! Nimemwomba Falonne anipe siku saba. Akanyamaza. Nimeandika: amekubali.

Jumatano, tarehe 4. Beni.

Nimefika kwa pikipiki kwa mzee Hénock, muuza dawa za Ulaya. Bryonia alikuwa nayo: tone moja, chini kabisa ya chupa. Nikamkumbatia. Nikajaza maji, nikaifunga chupa nyuma ya pikipiki. Kijitabu kinadai mitikisiko mia moja. Barabara ilinipa yote kabla ya Maboya.

Baadaye, nyumbani. Balaa! Nikiwa juu ya daraja la mto Kimemi, kamba imekatika. Chupa imepasukia kwenye mawe, dawa yote mtoni.

Nilitaka kulia. Kisha nikatafakari. Tone moja katika mto mzima! Nani amewahi kufikia kipimo hicho? Kinachoniuma ni wale wanaofua chini ya daraja: wanatibiwa bila kunishukuru. Nikachota bidoni moja ya maji hayo. Nimechemsha mara mbili, maana mimi si mjinga.

Alhamisi, tarehe 5.

Nimefinyanga vidonge kwa sukari ya chai ya asubuhi na maji ya bidoni. Vina ukubwa wa maharagwe. Vina rangi pia, sijui kwa nini.

Nimempigia Falonne marufuku kahawa, kwa sababu kahawa huua dawa hizi. Baada ya saa mbili tu, baba mkwe Vagheni akapiga simu kutoka Vuhovi, kwenye shamba lake la kahawa, akiuliza kama ninautukana ukoo mzima. Marufuku imeondolewa.

Falonne akanusa chupa ya vidonge. "Papa Shekinah, miye hapana kumeza Kimemi." Nikabembeleza. Mwisho nikamwambia ukweli: naogopa. Akaichukua chupa. Asante Mungu!

Jumatatu, tarehe 9.

Bado analishika. Leo amelishika akiinua gunia, na uso ukamkunjamana. Kijitabu kinasema maumivu yakizidi ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Mbona basi nimeusoma ukurasa wa 31 mara kumi? Namuota Berthe. Nilitaka kumwambia aende kwa Mélanie. Badala yake nikambebea gunia.

Jumatano, tarehe 11.

Duka limefungwa! Binti yetu Shekinah anasema siku saba zimekwisha, mama yake yuko hospitalini na Mélanie. Nimepanda kilima mbio, kandambili moja imebaki matopeni. Nimekaa nje kwa saa tatu. Nimesali bila kijitabu. Nimemwahidi Mungu kwamba Falonne akipona sitabuni kitu tena maishani.

Mélanie akatoka. Mkononi: ufunguo wa depo! Akasema wamempapasa, wamempima kwa mashine ya picha, echographie, hakuna uvimbe, hakuna ugonjwa. Kulikuwa na chuma hiki tu ndani ya sidiria, mchana na hata usingizini, na ngozi imevilia damu kwa umbo la ufunguo. Walimuuliza kwa nini. Falonne, nyuma yake, akajibu akinitazama mimi: "Mais ningeweka wapi? Ku nyumba kuko mwizi wa sukari."

Wauguzi wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nililia. Nimesema ni vumbi.

Jumapili, tarehe 15.

Maumivu yamekwisha kabisa! Falonne ameimba kanisani kwa sauti yote. Nilikuwa nimeshika kijitabu, tayari kukitia motoni ili kutimiza ahadi yangu kwa Mungu. Nikamuuliza tu, kwa ajili ya kumbukumbu, alimeza vidonge vingapi. Akasema hata kimoja. Alivimwaga chooni siku ileile.

Nikaketi.

Dawa ikipungua, nguvu inazidi. Falonne amemeza sifuri. Sifuri! Na amepona!

Nimemweleza. Akaniuliza basi nitawauzia wanawake nini. Nikamjibu: hakuna kitu. Akasema leo kwa mara ya kwanza nimesema ukweli.

Nahitaji chupa tupu mia mbili. Ziko depo, nyuma ya magunia ya chumvi. Nimetafuta chini ya godoro, ndani ya Biblia, ndani ya sufuria ya sombe. Sijui safari hii ufunguo ameuficha wapi. Ila tangu asubuhi namwona akichechemea.