Mnyororo wa Mama Bupe

Jumatatu, 16 Juni 2025
Wiki ya sita tangu niwekewe betri ya moyo. Imetuna chini ya bega la kushoto kama kiberiti. Leo mwanangu Bupe katoka mbio kwenye blanketi la manyoya, kanidaka shingoni. Ta! Cheche! Nikamsukuma. Miaka mitatu tu, kalia mpaka kwikwi. Mume wangu Brightson anasema huo ni umeme wa kusuguana, hauui hata sisimizi. Yeye ana betri? Hana! Basi, marufuku kukumbatiana mpaka nipate dawa.

Jumanne, 17 Juni
Nimemwagiza Bupe kila akitaka kunigusa aanze kushika bomba la uani, umeme umtoke. Kaenda, karudi na tope. Safari ya nne hakurudi. Kumbe kapakatwa na jirani yangu Chausiku! Eti shoga, tangu lini mtoto akaombe kibali bombani ndo amguse mamake? Nikajifungia jikoni, nikalia. Brightson alipouliza nikasingizia vitunguu. Nilikuwa napika uji.

Jumatano, 18 Juni
Nimepata! Mpangaji mwenzetu Mashaka ni utingo wa lori la mafuta. Anasema lori lao huburuta mnyororo chini, umeme wa kusuguana unaishia ardhini. Lori zima la petroli linapona, mie nani? Kanipa kipande. Nimekifunga kiunoni, ncha inaburuta.

Alhamisi, 19 Juni
Gengeni, kring, kring. Muuza nyanya kanipa pole, kauliza nimetoroka wapi. Mwenye nyumba, Mzee Khalfani, nilimpa shikamoo. Marahaba yake kaitoa huku anarudi kinyumenyume. Bupe ndo hasogei kabisa. Kamwomba Chausiku aje amfungue mama. Chausiku! Usiku Bupe kalala bila kuniaga.

Ijumaa, 20 Juni
Kliniki. Daktari kauliza kwa upole kama nyumbani wananifunga. Brightson alitamani ardhi ipasuke. Nikasema yote. Kanipima: betri nzima. Cheche ya blanketi haiwezi kuidhuru, imekingwa. Nijihadhari na mashine za kuchomelea, simu nisiiweke mfuko wa kifuani. Mtoto nimkumbatie hata mara mia. Mara mia! Nimevua mnyororo palepale.

Jumamosi, 21 Juni
Nimepiga magoti, nikamwita Bupe. Kasimama mlangoni ananipima. Nikamwambia njoo mwanangu, hivyo hivyo. Kanirukia! Cheche hakuna. Lakini moyo jamani! Ukadunda du-du-du, machozi yakanitoka, mwili wote ukalegea. Na blanketi halikuwepo! Mtoto kavaa pamba tupu! Kwa hiyo umeme ni wa Bupe mwenyewe, na huo daktari hakuupima. Jumatatu narudi kliniki, nampeleka na yeye. Brightson kashika kichwa. Mpaka hiyo Jumatatu Bupe simtui chini, nisije nikapoteza ushahidi.