Wifi Yangu Ahamishwe na Vihesabio vya Prosesa Vifungwe

Kwa Meneja,
Karakana ya Vifaa vya Kusikia.

KUH: KUUMBULIWA NA PROSESA NIKIWA KAZINI

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshakunywa chai, maana haifai kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi sijambo, ila moyo. Mume wangu alinishauri nisiandike nikiwa na hasira, nilale kwanza. Nimelala. Nimeamka na hasira ileile, safari hii imepangika vizuri, na ndiyo hii nakuletea kwa namba.

Kabla ya malalamiko, nikukumbushe kazi yangu, kwa sababu mara ya mwisho ulipopita mezani kwangu uliniuliza kama printa imepona. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kile kisanduku kinachoning'inizwa shingoni na watu wasiosikia vizuri. Sauti inaingia kwenye maikrofoni, programu inapunguza makelele, inanyanyua maneno yaliyo chini, inatuliza yanayopasua, kisha inayapeleka masikioni. Sauti inatoka safi. Kasoro ilikuwa moja, ndogo: ilitoka imechelewa. Na mazungumzo yakirefuka, maneno yalipanga foleni ndani ya kisanduku kama watu kwenye dirisha la tiketi, kila moja likingoja zamu yake ya kuingia sikioni.

Anayetujaribia kisanduku ni baba mkwe wangu, refa mstaafu wa mpira, ambaye masikio yake yaliharibiwa na filimbi yake mwenyewe. Mezani alikuwa akicheka kichekesho wakati sisi tumeshafika kwenye habari za mgonjwa. Siku moja jirani alitueleza kwamba mama yake amelazwa, mzee akaangua kicheko kwa ajili ya kisa cha paka tulichokuwa tumekimaliza kitambo. Jirani aliaga mapema. Baada ya hapo mzee akaanza kuchukua sahani yake na kwenda kula chumbani, akisema anapenda utulivu. Mtu aliyeishi katikati ya viwanja vilivyomzomea hawezi kupenda utulivu, lakini hakuna aliyembishia.

Sasa malalamiko.

1. Wifi yangu hakuniamini. Nasema wifi, yaani dada wa mume wangu, si ile intaneti ya ofisini, ambayo angalau hukatika. Ulimwajiri mwenyewe, na siku hiyo ulinipongeza kwamba sasa nitakuwa na ndugu kazini. Nilikwisha kueleza, kwa upole na kwa mamlaka, kwamba sauti inacheleweshwa na nyaya. Fundi wa solda akabadilisha nyaya. Nikaeleza kwamba ni betri. Akabadilisha betri. Nikaeleza kwamba ni uzee. Hapo wifi, ambaye mzee huyo ndiye baba yake mzazi, akavuta kiti, akaketi karibu yangu na kusema kwa sauti ya chini, "Wifi, tusibishane sisi kwa sisi. Tuiulize prosesa."

2. Prosesa ilijibu. Kumbe, Mheshimiwa, ndani ya prosesa, ile chipu inayotekeleza amri za programu, mna vihesabio. Si programu, vimechongwa humohumo tangu kiwandani, vichache tu, na kila kimoja unakiambia kitazame kitu gani. Ukikituma kihesabu amri za kuzidisha, kitahesabu hizo, na nyingine zote zipite mbele yake kama hazipo. Ukikituma kihesabu za kugawanya, vivyo hivyo. Havichoki, havisahau, wala havipunguzi kasi ya kazi, kwa hiyo hata sababu ya kuvilaumu huna. Nilidhani nitapata mwanya, kwa kuwa prosesa za siku hizi zina tabia ya kubahatisha: huanza amri kabla hazijajua kama inahitajika, kisha huitupa isipohitajika. Nikasema huenda ninasingiziwa amri zilizotupwa. Wifi akajibu kwamba alilifikiria hilo, ndiyo maana akachagua kihesabio cha amri zilizotimizwa tu. Miaka yote hii nimekaa na mashine hii kama mtu na rafiki yake, nami sikujua kwamba rafiki ana mashahidi tumboni.

3. Sikuambiwa mapema kama namba kubwa ni sifa au ni aibu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wifi alikitega kihesabio kwenye amri za kugawanya, akakiwekea pa kuanzia na pa kuishia katika kipande kimoja cha programu yangu, kile kinachosawazisha sauti. Tukacheza maneno machache yaliyorekodiwa. Kisha akanipa heshima ya kubonyeza mwenyewe. Namba ilitoka ndefu kiasi cha kuvuka ukingo wa kioo. Nilisimama, Mheshimiwa. Niliisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mbele ya karakana nzima. Fundi wa solda akapiga makofi. Dada wa mapokezi akaja kunishika mkono. Mhasibu akauliza kama tunaweza kuiweka kwenye taarifa ya mwaka, nami nikamwambia aiweke kwa wino mzito.

Nilipokwisha kuketi ndipo wifi alipoinama na kunieleza kwamba katika hesabu zote za kawaida, kugawanya ndiko kunakoitesa prosesa zaidi; kwamba amri moja ya kugawanya hukalia njia kwa muda ambao za kuzidisha zingepita kundi zima; na kwamba mimi ninagawanya upya kwa kila chembe ya sauti, na chembe ni maelfu kila sekunde, tena kwa namba ileile, huku maneno ya watu yakisongamana nyuma. Aliyasema hayo kwa kunong'ona, akitabasamu ili walio mbali wadhani ananipongeza. Angenitukana ningekuwa na kesi.

Naomba ieleweke kwamba mimi nimelelewa kugawa. Kwetu, aliyekula bila kugawa aliitwa mchoyo hadi akaota mvi. Hakuna mzazi aliyetuonya kwamba ukarimu unasababisha foleni.

4. Jambo limeshafika nyumbani. Damu nzito kuliko maji, na wifi alimsimulia kaka yake. Sasa mume wangu ametangaza kwamba na yeye ana kihesabio: anahesabu amri ninazotoa mimi, zilizotimizwa tu. Anasema mpaka sasa ni sifuri, na alisema hivyo akiwa ameketi, huku taa niliyomwomba aibadilishe ikiwa imezima juu ya kichwa chake.

5. Dawa ilifanya kazi. Nilikubali kujaribu alichopendekeza wifi kwa nia moja tu, ya kumwonyesha kwamba amekosea. Alitaka nigawanye moja kwa namba ile, mara moja tu mwanzoni, nipate sehemu yangu, kisha kila chembe ya sauti inayopita niizidishe kwa sehemu hiyo. Jibu ni lilelile, njia tu ndiyo tofauti. Nikabadilisha. Nikabonyeza, nikiwa na raha ya mtu anayemngoja mwenzake aumbuke. Kihesabio cha kugawanya kikatoa namba ambayo hata mtoto wa chekechea angeisoma bila msaada. Foleni ikawa hakuna.

Tukampelekea mzee wakati wa chakula cha mchana. Tulimkuta chumbani, sahani magotini. Alivaa kisanduku bila imani, kwa kuturidhisha tu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na kwa sauti yake ya kawaida, ile ambayo siku hizi haitumii kwa mumewe, akasema wali umeiva vizuri, aliyeupika bila shaka alikuwa anafikiria mambo mengine. Aliyeupika ni mimi. Mzee akacheka. Akacheka palepale, hata kabla mimi sijapata nafasi ya kununa. Kisha akatulia na kumgeukia mkewe.

"Rudia," akasema.

Mama mkwe, kwa mazoea, akavuta pumzi ili apaze sauti. Mzee akamwinulia kiganja.

"Si kwamba sikusikia. Nimesikia. Rudia tu."

Mama mkwe akarudia, polepole, na mara hii hakumtazama mtu mwingine. Wifi akatoka kwenda kutafuta chumvi, akakaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji. Mimi nilibaki nikikagua nyaya, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mzee akachukua sahani yake, akaja mezani, na tangu siku hiyo hatujapata tena nafasi ya kuzungumza. Anadakia. Anatusahihisha tarehe. Anayeongea na chakula mdomoni anaonyeshwa kadi ya njano, kadi halisi, bado anayo. Tena amesikia ninayosema kuhusu uimbaji wake wa bafuni, maneno ambayo kwa miaka mingi nimeyasema mbele yake kwa uhuru kamili. Uhuru huo nani atanirudishia?

Kutokana na hayo, Mheshimiwa, naomba vihesabio vyote katika mashine za karakana hii vifungwe, na ufunguo nipewe mimi. Kiwanda kiandikiwe kitutengenezee prosesa zenye staha, zinazojua kusitiri ya ndani. Madaktari wa masikio watakaokuja wiki ijayo kukipima kisanduku wasikilizishwe sauti, wasionyeshwe namba, na mhasibu azuiwe kusogea karibu nao. Mwisho, wifi ahamishiwe stoo ya vipuri ghorofa ya chini, ambako vinavyohesabiwa ni skrubu, na skrubu hazina hisia. Sina ugomvi naye. Ningekuwa na ugomvi nisingemfungia chakula kila asubuhi pamoja na changu.

Nisalimie wa nyumbani kwako, dereva, mlinzi wa getini, na fundi wa solda, ambaye nyaya zake sasa nakiri kwa maandishi ni nzuri. Mwambie dada wa mapokezi kwamba mkono alionipa sijamrudishia lakini nafikiria.

Ni mimi mtiifu wako, niliyehesabiwa,

Mwandishi wa Programu,
meza ya dirishani.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, wifi amekuja kuniambia kwamba kile kipande cha kupunguza makelele kinapoteza muda mwingi kikingoja data ifike kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine. Nimemkatalia katakata. Tumekitega kihesabio, na ni kweli. Kwa hiyo uhamisho wake usubiri mpaka tumalize hicho, na kinachofuata, na kingine ninachokishuku mimi mwenyewe ambacho yeye bado hajakijua. Prosesa zijazo ziagizwe zenye vihesabio vingi zaidi. Hivi vilivyopo tunagombania. Naomba pia kiti chake kihamishiwe mezani kwangu rasmi. Nafasi ipo. Ua langu la chungu lililokuwa hapo utalikuta ofisini kwako. Tafadhali limwagilie maji kidogo kidogo, halipendi kuharakishwa.