Usifute Hendibreki

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika mbele ya mtu asiyeona.

Naandika nikiwa na grisi kwenye kucha na moyo mzito, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi. (Nikikosea herufi! Hilo ndilo lililonileta hapa. Subirini.)

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huku Masalani, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwetu ni Bungoma. Nilipokuwa chuoni wenzangu walinicheka mwaka mzima kwa sababu nilisema "papa" nikimaanisha "baba". Nikanunua mshumaa, nikajifungia chumbani, nikafanya mazoezi ya P na B mbele ya ule moto, P iutikise na B isiutikise, mpaka midomo ikachoka. Tangu hapo sina huruma na mtu. Mwanafunzi akisema "bikibiki" simwachi amalize sentensi. Hata sokoni nasahihisha. Hata kwenye matanga, Mungu anisamehe.

Sasa kuna Ayeyo Dahabo. "Ayeyo" ni nyanya kwa Kisomali, na huyu ndiye mwenye nyumba ninayokaa. Miaka ile walimu wa bara walipokuwa wanahama kwa hofu ya mashambulizi, nami nimeshafunga mizigo, alikuja mlangoni na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Akasema, "Wewe ni mgeni ya mimi. Kaa." Nikakaa. Chai inaletwa mpaka leo, ila miaka miwili sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akimimina chai huingiza kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Kidole chenyewe kimebabuka. Mimi huinywa ile chai nikiangalia pembeni.

Basi wiki hii madaktari wa macho wamekuja Garissa mjini, wanapasua bila malipo, na leo ilikuwa siku yao ya mwisho. Jina la Ayeyo lilikuwa kwenye orodha. Sharti moja tu: uwe umefika kabla ya saa sita mchana. Yeye alikuwa amepanga kupanda basi la alfajiri. Mimi nikasema, "Ayeyo, ubanwe kwenye basi na mimi nina gari?" (Kiherehere hiki, jamani! Nani aliniuliza?)

Gari lenyewe tangu juzi lilikuwa linanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa moto, ya kulia baridi. Leo saa kumi na mbili asubuhi nikalipeleka kwa Fundi Gedi, nikijua ni kazi ya dakika chache kisha safari.

Gedi alipiga jeki, akashika lile gurudumu na kulizungusha. Likagoma. Akahakikisha hendibreki iko chini, akajaribu tena, bado. Akaingia ndani, akafungua kifuniko katikati ya viti, akalegeza nati ya kebo, akarudi kuzungusha. Gurudumu likaenda lenyewe, laini kabisa.

"Umeona, mwalimu? Gurudumu hii haina makosa."

"Gurudumu hili," nikasema.

"Hili. Shida iko kwa kebo ya handibreki. Imeingia kutu huko ndani. Ikienda, hairudi. Breki inabaki imeshika, dramu ya chuma huko ndani ya gurudumu inachemka. Nitatafuta kebo mbya."

"Mpya, Gedi. M, P."

Akanitazama. Mtu mwenye spana mkononi akikutazama vile, inafaa unyamaze. Sikunyamaza. Nikamweleza habari za ngeli mpaka akaamua kwenda kuokota jiwe kubwa, akalitia nyuma ya kiti changu. "Hii ya kusimama," akasema. Nikaona ni zawadi ya ajabu kidogo lakini nikashukuru. Mimi si mtu wa kukataa zawadi.

Nilipoingia kwenye gari nikakuta mkono wa hendibreki umejaa alama za vidole vyake, grisi nyeusi tititi. Nami nimevaa shati jeupe. Nikatoa leso. Gedi akapiga kelele kutoka nje:

"Mwalimu! Usifute handibreki!"

"Nisifute?"

"Usifute kabisa! Mbaka kebo ikuje! Ukifuta, umekwisha!"

Nikarudisha leso mfukoni haraka. Nikajiambia, kumbe grisi hii ni dawa, labda inateremka pole pole mpaka kwenye kutu. Fundi ni fundi. (Aliyeelewa tayari anyamaze, awaache wenzake.)

Saa moja tukaondoka. Ayeyo alikaa mbele, kajifunga shali mpya, ananukia udi. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Akaniambia, "Maalim, hii macho ikifunguliwa, wa kwanza nataka kuona ni wewe. Miaka mbili sijaona uso ya wewe. Watu nasema umenona." Nikacheka. Nikamwambia atajionea mwenyewe jioni.

Baada ya Kotile ngamia wakaanza kuvuka barabara, wale wasiokuwa na haraka na mtu. Nikasimama. Nikavuta hendibreki mpaka juu, krrr, jinsi nilivyofundishwa nilipojifunza kuendesha gari. Grisi ikanijaa kiganjani. Je, niliifuta ile hendibreki? Sikuifuta! Nikajipangusa mkono kwenye suruali, suruali yangu ya sikukuu, na nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Ngamia walipokwisha nikashusha, tukaondoka. Gari likawa zito. Nikalaumu mchanga. Nikaongeza mafuta, nikalaumu petroli ya siku hizi. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu, mimi nalaumu, gari linanguruma.

"Maalim," Ayeyo akasema, "kitu inaungua."

"Ni joto tu, Ayeyo."

"Joto mimi sijui? Hii ni kuungua. Macho ndio imekufa. Bua yangu iko sawa."

"Pua," nikasema.

Wallahi nilisema! Gari linaungua, mimi nasahihisha.

Nilipotazama kioo cha pembeni, moshi. Nikasimama kando ya barabara, na kwa sababu mimi ni dereva mwangalifu, nikavuta hendibreki tena, safari hii kwa mikono miwili. Nikaruka nje. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linafuka. Nikaligusa ili nihakikishe. (Moshi haukutosha, ilibidi niguse.) Vidole viwili vikaungua. Nikachukua dumu la maji yetu ya kunywa, nikalimwagia lote, likalia chaaa, mvuke ukanifunika uso. Hapo Bura hatujafika, na saa ni tatu na nusu.

Tukangoja lipoe. Nikawasha. Nikakanyaga mafuta, injini ikalia kwa uchungu, gari halikusogea hata shibri. Nyuma ilikaa chini tu, ikagoma.

Simu ilikuwa na mtandao wa kubahatisha. Mikono imejaa grisi, nikaiweka simu juu ya boneti na kufungua spika, nikampigia Gedi. Wakati huo huo lori la mbuzi likasimama nyuma yetu. Dereva akashuka kuona kama tunahitaji msaada, na wachungaji wawili waliokuwa wamekaa juu na mbuzi nao wakashuka. Kwa hiyo yafuatayo yana mashahidi.

"Gedi! Gari limeshika kabisa!"

"Umefuta?"

"Sikufuta."

"Mwalimu, umefuta."

"Gedi, sijafuta! Leso yangu ni safi, nimeishika hapa!"

"Leso ya nini? Nauliza handibreki. Umefuta ama hujafuta?"

"Haijaguswa na kitambaa chochote, naapa!"

"Saa hii iko juu ama iko chini?"

"Iko juu! Si nimesimama?"

Nikadhani mtandao umekatika.

"Subhanallah. Si umefuta!"

"Nimefuta wapi? Grisi yote ipo, njoo uihesabu!"

Wachungaji walikuwa wameshikana mabega. Dereva wa lori aligeuka akatazama vichaka, mgongo unamtikisika. Mimi sikuelewa wanacheka nini, nikazidi kuapa.

Mlango wa gari ukafunguka. Ayeyo akashuka, akapapasa ubavu wa gari mpaka akanifikia. "Maalim. Kuja huku." Akashika mkono wangu uliojaa grisi, akaukunja ngumi kama ulioshika kamba ya mbuzi mkaidi, akanivuta mpaka nikapepesuka.

"Hii," akasema, "ni kufuta."

Kisha akapitisha kiganja chake juu ya kifua cha shati langu, taratibu, kama mtu anayepangusa meza.

"Na hii nayo ni kufuta. Fundi nasema ile ya kamba."

F na V, watu wangu! Kazi yangu. Mshahara wangu. Kwenye ubao wa kidato cha pili nina orodha ya maneno ambayo nimekataza yasiguswe: faa na vaa, fua na vua, futa na vuta. Yako pale tangu muhula uanze. Na mwanamke ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja amenifundisha tofauti yake kando ya barabara, kwa mikono, mbele ya mbuzi.

Dereva wa lori aliponyamaza akachungulia ndani ya gari. "Na hii jiwe ni ya nini?"

"Nilipewa na fundi," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Ya kuweka chini ya tairi ukisimama, mwalimu. Ndio usishike handibreki."

Wakaanza upya. Mmoja ilibidi akae chini.

Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo niliiweka kwenye mtihani mwaka jana, alama mbili, na aliyeikosa nilimwandikia "makini!" kwa kalamu nyekundu.

Yule dereva alikuwa mtu mwema. Alinigombeza kwanza kwa yale maji, akisema dramu ya moto ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupasuka, inaachwa ipoe yenyewe. Akaweka jiwe chini ya tairi la mbele, akashusha hendibreki, akailegeza kebo mpaka mwisho kule katikati ya viti. Bado breki ikashikilia. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akaizunguka dramu kwa nyundo, tak, tak, tak, kila mara anajaribu kuigeuza. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoomba Mungu. Ilipoachia, saa sita ilikuwa imebakiza robo, na Garissa bado mbali.

Nikaendesha. Ayeyo hakuuliza ni saa ngapi, akawa anasoma tasbihi yake.

Tulifika saa saba na nusu. Kwenye benchi za nje walikaa wazee waliofungwa bandeji machoni, mmoja anamwelekeza mwenzake kwa kumshika bega, wanataniana. Ndani vifaa vilikuwa vinaingizwa kwenye makasha. Muuguzi akatafuta jina.

"Dahabo? Tumekuita mara tatu. Mlikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema yote, tangu leso mpaka jiwe. Ayeyo akanitangulia.

"Ngamia," akasema. "Ngamia mingi sana barabarani."

Muuguzi akaangalia mikono yangu, akaangalia suruali, akaangalia lile shati lenye alama ya kiganja kifuani. Akaandika jina la Ayeyo kwenye karatasi nyingine, juu kabisa. Akasema wakirudi atakuwa wa kwanza. Nikauliza watarudi lini. Labda baada ya mvua, akasema, hakuna anayejua. Nikamsihi. Nilimsihi mpaka yeye mwenyewe akaanza kuumia, akatuomba tutoke afunge.

Lile basi la alfajiri, nimeuliza, lilifika saa nne na dakika kumi.

Nilimkalisha Ayeyo kivulini, nikaenda nyuma ya gari nikachuchumaa kwenye gurudumu kama ninayekagua breki. Sikuwa nakagua breki. Kuchekwa nilizoea chuoni, hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba Gedi aliniambia kila kitu, kebo, kutu, ikienda hairudi, na mimi nikasikia ngeli tu.

Nikasikia fimbo yake inagonga bamba la gari. "Maalim. Uso ya wewe bado iko?"

"Upo, Ayeyo."

"Basi itangoja. Inaenda wapi?"

Sasa tuko kwa mpwa wake hapa mjini, tunangoja kebo ipatikane kabla ya kurudi Masalani. Gari limeegeshwa nje na jiwe chini ya tairi, mahali pake panapostahili. Nimeandika haya ili msiyasikie kwanza kutoka kwa wale wachungaji, maana najua yameshafika Masalani kabla yangu.

Chekeni mkitaka, haki yenu. Ila asinipigie mtu simu kunichekea kwa sauti. Ayeyo amejilaza hapa karibu, na kati yetu wawili yeye ndiye anayesikia.