Kodi ya Mandhari ya Mto: Hotuba ya Meya Stenmark

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Jiji, ambaye kwa bahati njema ni shemeji yangu. Waheshimiwa madiwani wote sita, pamoja na yule wa saba aliyejiuzulu juzi na ambaye bado namhesabu ili akidi itimie. Mchungaji Lindqvist wa Kilutheri na Padri Wozny wa Kikatoliki, mliokubali kuketi meza moja kwa ajili ya soseji. Mkuu wa Zimamoto. Kocha wa timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, iliyofungwa msimu mzima kwa nidhamu ya hali ya juu. Malkia wa Jibini wa mwaka huu, wewe na taji lako. Mthamini wa Nyumba wa Jiji, Bwana Leland Fitch, mtu ambaye hakuna mlango anaofunguliwa kwa furaha. Wenye nyumba wote wa Kelner Falls, na hata ninyi wapangaji, mnaolipa kodi ya majengo kupitia mifuko ya wenye nyumba na kudhani mmepona: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kocha hapigi.)

Ndugu wananchi, mimi Orville Stenmark, meya wenu kwa awamu ya tatu mfululizo, awamu mbili kati ya hizo nikiwa mgombea pekee, nimesimama mbele ya turubai hili jeupe na utepe huu mwekundu, kando ya mto wetu, ili kuzindua rasmi, kimkakati na kwa upana wake, Matembezi ya Mtoni, yaani ile njia ya mawe yenye taa, mabenchi na kibanda cha aiskrimu ambayo mmeisikia katika kila hotuba yangu kwa miaka mitatu, na ambayo sasa, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya mimi mwenyewe, imekamilika kwa asilimia themanini na saba. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Toa turubai tuone!") Tutafika huko. Maendeleo hayavuliwi nguo hadharani kabla ya wakati wake.

Lakini kabla ya hapo naombeni niguse suala la kodi ya majengo, kwa sababu nimesikia minong'ono kanisani, kwa kinyozi, na hata Ijumaa kwenye mlo wa samaki wa kukaanga, ambako mtu mmoja alinigeuzia mgongo nikiwa nimeshika sahani. Wanasema meya amepandisha kodi. Uongo! Kiwango cha kodi kilikuwa dola ishirini kwa kila dola elfu moja za thamani ya nyumba, nami nimekishusha hadi dola kumi na nane. Nimekishusha! Nionyesheni meya mwingine aliyekishusha. (Makofi machache, yenye mashaka.) Kilichopanda si kodi, ndugu zangu, bali nyumba zenu, na zimejipandisha zenyewe, bila kunishauri. Bwana Fitch amepita mtaa kwa mtaa, amehesabu vyoo, amepima mabaraza ya mbele ya nyumba, amechungulia mabomba ya moshi, kisha akaandika kila nyumba ingeuzwa kwa bei gani leo. Thamani ile mkiizidisha kwa kiwango changu kilichoshuka, mnapata kodi iliyopanda. Hiyo ni sayansi, na mimi siwezi kubishana na sayansi.

Na hapa lazima nikemee tabia moja mbaya. Tulipotangaza mwaka wa uthamini, ghafla jiji zima likaacha kupaka rangi. Watu wakaacha ngazi zao zioze. Bwana Duane Hauge, yule aliyeketi pale na kofia ya kuwindia, ninyi nyote mnamjua kuwa ni fundi seremala, lakini baraza lake lilikuwa limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na siku tatu baada ya Bwana Fitch kuondoka likasimama wima, likiwa na rangi mpya. (Kicheko. Duane: "Muujiza, Meya! Muulize Padri!" Padri anaangalia soseji.) Huo si muujiza, huo ni ukosefu wa uzalendo. Kodi hiyo ndiyo inayolipa walimu wa watoto wenu, ndiyo inayoondoa theluji milangoni penu mwezi wa kwanza, ndiyo inayowasha gari la zimamoto. Anayeficha uzuri wa nyumba yake anamnyima mtoto kitabu. (Hili limewaingia.)

Sasa nirudi kwenye mto. Nyumba zilizo mlimani juu yetu zimepanda zaidi ya zote, kwa sababu zinatazama Matembezi ya Mtoni, na mandhari ni mali. Muungwana mmoja kutoka Chicago alisoma kijitabu chetu chenye picha ya rangi, akanunua nyumba pale juu kwa bei ambayo hata muuzaji aliona haya kuitaja, na bei hiyo moja imeinua thamani ya majirani wote, kama inavyotakiwa na kanuni bora za soko. Nawapongeza majirani hao. (Mwanamke anasimama upande wa kushoto. Ni Bi. Verna Drozd, mjane wa nyumba nyeupe ya mlimani. Anasema: "Orville, pongezi siwezi kupeleka benki.")

Bi. Verna, karibu sana, muda wa maswali utakuja. ("Rufaa ya uthamini inafungwa leo, mwanangu. Ukimaliza kuongea, imefungwa. Nyumba yangu mlikuwa mnaithamini laki moja na arobaini. Sasa laki mbili na kumi. Nilikuwa nalipa elfu mbili na mia nane, sasa mnataka elfu tatu na mia saba na themanini. Sina. Nisipopunguziwa, nauza kabla ya theluji.") Tunakusikia, mama, na tunathamini mchango wako. ("Na ile njia ya mbao mlangoni mmeiandika baraza la pili. Ni ya kiti cha magurudumu cha mume wangu Walt. Walt mmemzika wenyewe, ulikuja ukala keki.") (Bwana Fitch anafunga vifungo vya koti.)

Ndugu wananchi, hapa mnaona jinsi mfumo wetu ulivyo na sura ya kibinadamu, maana mfumo hautofautishi mbao za huzuni na mbao za starehe, na huo ndio usawa. Rambirambi zangu, Bi. Verna, zipo palepale. Lakini lile ongezeko kubwa halitokani na mbao, linatokana na mandhari. Dirisha lako la jikoni linatazama Matembezi ya Mtoni. ("Dirisha langu la jikoni linatazama nyuma ya hilo turubai, Orville. Nimeangalia leo asubuhi nikiosha vikombe. Kuna magugu, kuna tairi, na kuna bata wawili wanagombana.") (Kicheko kikubwa. Malkia wa Jibini anashika taji lisianguke.)

Tulieni. Tulieni, jamani. Bi. Verna anatazama kwa macho ya leo. Mthamini aliyebobea hutazama kwa macho ya kesho. Thamani ni matarajio! ("Basi pokea hela za kesho.") (Watu wanapiga meza. Duane: "Meya amekwisha, mama! Mmalize!" Mchungaji anakohoa ndani ya leso, lakini mabega yanamtingishika.)

Mimi si mtu wa kujibizana na wajane. Mimi ni mtu wa vitendo, na kwa kuwa natambua uchungu wa mama huyu, na kwa kuwa mpiga picha wa gazeti yupo, natamka yafuatayo. Mosi, kama yupo mwenye nyumba yeyote hapa aliyetozwa kwa kutazama kitu kisichokuwepo, rufaa yake inakubaliwa papo hapo, kwa kauli yangu, mbele ya mashahidi. (Makofi makubwa. Mwenyekiti wa Baraza anamvuta meya koti.) Niache, shemeji. Pili, ili kuonyesha kuwa jiji hili halina kinyongo, heshima ya kukata utepe, ambayo ilikuwa yangu, namwachia Bi. Verna Drozd. Njoo mama. Utatabasamu, utashika mkasi karibu na utepe bila kukata, picha itapigwa, kisha tutaelekea kwenye soseji, na turubai litabaki hapo mpaka awamu ya pili ya uzinduzi. (Bi. Verna anakwenda mbele polepole. Anaupokea mkasi.)

Hivyo hivyo. Simama hapa. Tabasamu. Si hivyo, mama, mkasi usikaribie kamba hiyo, hiyo siyo utepe, hiyo ndiyo inayoshika... (Turubai linaanguka. Magugu. Tairi. Bata mmoja.)

(Bi. Verna anamrudishia meya mkasi, na kusema: "Yule bata mwingine ameondoka. Nadhani alishindwa kodi.")

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi wapendwa. Mnachokiona mbele yenu ni... ni eneo la mradi. Naombeni msitumie neno matope, kitaalamu huo ni udongo katika hali ya utayari. Fedha zipo, kwa maana kwamba zilikuwepo. Zililipa upembuzi yakinifu, upembuzi wa ule upembuzi, nembo ya Matembezi yenye rangi nne, kijitabu, na safari yangu ya mafunzo Florida, ambako nilitembea kando ya maji kwa siku tisa ili ninyi msitembee kwa kubahatisha. (Duane anasimama: "Rufaa yangu ni ya mandhari!" Mama mwingine: "Na yangu!" Muungwana wa Chicago anasimama, anakunja kijitabu mara nne. Mikono inanyooka, kutoka meza za mbele mpaka kwenye jiko la soseji.)

Bwana Fitch, usiandike. Bwana Fitch, nasema usiandike! (Bwana Fitch anaandika. Anamuuliza Bi. Verna, kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kiko karibu: "Laki moja na arobaini ilikuwa, siyo? Na zile mbao nazifuta." Bi. Verna anasema: "Njoo kesho, nitakupa kahawa.")

Sawa. Kauli ni kauli, na ninyi ni mashahidi, na huyu wa gazeti ameshapiga picha. Nahitimisha. Kelner Falls! (Hakuna anayeitikia.) Kelner Falls, mbele! (Bata.) Mto ni wetu, mandhari ni yetu, kiwango kimeshuka! Asante shemeji, popote ulipo, ingawa sikuoni. Asanteni viongozi wa dini. Asante Malkia wa Jibini. Lakini zaidi ya wote nawashukuru ninyi wenye nyumba, ambao kwa miaka mitatu, kwa uaminifu na bila kuchelewa hata mwezi mmoja, mmelipia njia, taa, mabenchi na kibanda cha aiskrimu ambavyo, laiti ningejua kuwa siku moja mtataka kuviona, wallahi ningevijenga.