Goti la Josia kwa Milimita Mia Nne

Jumatatu, 3 Julai 1989

Pah! Bado naisikia. Sauti ya mpira ukitua kwenye viganja vya Josia, jana, uwanja wa Kaitaba. Kama nguo mbichi inayopigwa juu ya jiwe. Nilikuwa nyuma ya watu wote, karibu na ukuta, kwa hiyo nilimwona amedaka kwanza, sauti ikanifikia baadaye. Golikipa wa namna hiyo sijawahi kuona. Wengine huruka. Yeye anaondoka.

Leo nimesafisha picha. Lenzi yangu ya kuvuta niliivuta hadi mwisho, milimita mia mbili. Josia ametoka mdogo kama harage.

Mchana akaja studio mama yake, Ma Adventina wa Muleba. Akazitazama picha sana, kisha akauliza kwa upole mwanawe ni yupi kati ya hawa. Aibu! Akaeleza shida yake. Mwaka juzi alimzika Rugaibula, kaka yake Josia. Picha pekee ya marehemu ilikuwa ya timu ya shule, mstari wa nyuma. Tuliikuza sisi wenyewe hapa studio mpaka uso ukawa kama uji. Ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza. Miaka hii ya kuzika vijana kila wiki, mama haombi picha ya mwanawe kwa ajili ya kupamba ukuta. Anamtaka Josia uso mzima, golini, akicheka. Kumleta studio haisaidii. Mbele ya pazia letu Josia hukaa kama mtu anayesubiri hukumu. Jumapili ni mechi ya mwisho ya msimu, kwao Muleba.

Nimeahidi. Kabla ya kufikiri!

Damian, mpiga picha mwenzangu hapa studio, anasema jambo ni rahisi: nikae nyuma ya goli, nimsemeshe. Nimsemeshe! Afadhali ninywe dawa ya kusafishia picha. Damian humsemesha kila mtu. Aliwahi kumchekesha bibi harusi aliyekuwa akilia, na baada yake mchungaji. Namhusudu, lakini humu daftarini tu.

Jumanne, 4 Julai

Nimepona! Zahoro, muuza vitu vya mitumba sokoni, amenunua mizigo ya daktari Mswidi aliyerudi kwao. Ndani yake kulikuwa na konveta. Kipande cha chuma na vioo, kifupi kuliko kikombe. Unakiweka kati ya kamera na lenzi, na lenzi ya mia mbili inakuwa ya mia nne. Mia nne! Bila kupiga hatua hata moja, bila kumsalimu mtu. Ukikigeuza kwenye mwanga, vioo vyake vina zambarau kama shingo ya njiwa. Aliyekibuni alikuwa mtu kama mimi. Nina hakika.

Zahoro hakutaka fedha, alitaka pasi. Nimempa pasi ya mkaa. Ni ya shangazi Eufrazia, ambaye naishi kwake Hamugembe. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kwa hiyo sasa nguo tutazinyoosha kwa kuzitazama kwa mbali?"

Maelekezo ya konveta ni ya Kiswidi. Nimeelewa namba.

Alhamisi, 6 Julai

Majaribio. Maafa.

Nilijificha migombani nyuma ya nyumba, nikamlenga jirani yetu Mzee Mayenga, aliyekuwa akianika kahawa. Zoezi zuri: mtu anasogea, na hajui. Ghafla akapotea kwenye kioo. Nikasikia anaamuru nyumba nzima ilale chini. Wakalala! Mkewe, mkwewe, na mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Mzee Mayenga alikuwa mgambo katika vita vya sabini na tisa. Bomba jeusi linalochungulia kutoka migombani halimkumbushi picha.

Nikatoka mikono juu. Ikabidi niingie ndani, niombe radhi, ninywe chai, nizungumze saa nzima. Saa nzima! Mwishowe akaomba naye achungulie. Akachungulia mno. Akasema kwa chombo hiki vita vingekwisha mwezi mmoja mapema, na kwamba amemwona kuku wake aliyepotea tangu Pasaka, yuko uani kwa watu.

Filamu ni giza na ukungu. Konveta inakula mwanga, inakuachia robo. Pale ilipokuwa ikitosha sehemu moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde, sasa inataka moja ya sitini, na kila mtetemo wa mkono unakuwa mara mbili. Mkono wangu hutetemeka nikijua kuna watu. Konveta haina kosa lolote. Inadai, kama mwalimu mzuri.

Jumamosi, 8 Julai

Nimetengeneza miguu mitatu ya kamera kwa fito za mkaratusi na kamba. Damian alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua droo yake, akanipa filamu ya mia nne, ile inayoona hata kwenye mwanga hafifu. Ya mwisho aliyokuwa nayo. Bure! Nikauliza kwa nini. Akasema kesho naye anakwenda Muleba kupiga picha ya timu, na hajawahi kuona miti ikipiga picha.

Halafu akashusha sauti. "Dada Rozi, viatu unavyo?"

Nikasema ninavyo.

"Basi konveta ulikuwa nayo siku zote."

Nimeyaandika maneno haya ili nipate mahali pa kuyachukia.

Gauni langu la kesho lina mikunjo kama ramani ya mkoa.

Jumapili, 9 Julai

Nimerudi kutoka Muleba. Mikono inanuka mkaratusi. Niandike kwa utaratibu.

Ubavuni mwa uwanja kuna mwinuko wenye shamba la kahawa. Hatua arobaini hadi golini; nilizihesabu mapema, kabla watu hawajafika. Nikasimika miti, nikalenga katikati ya goli, nikakaza kila kitu kwa kamba. Mimi nusu nilikuwa ndani ya mibuni. Mpango kamili.

Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, penalti dhidi ya Muleba. Nikachungulia. Ndani kulikuwa na giza kama la chungu, na katikati ya giza hilo, Josia! Mkubwa! Naona jasho. Naona anavyolamba midomo. Sijawahi kuwa karibu na mtu namna ile. Nikasahau kupumua. Mpigaji akaja mbio, na Josia akaondoka. Akaondoka na kwenye kioo changu pia, maana mia nne ni dirisha dogo sana. Nikabonyeza. Nikajaribu kumfuata. Kamba nilikuwa nimezikaza vizuri mno.

Uwanja ukalipuka. Amedaka! Nikainua kichwa. Josia yuko chini, mpira kifuani, na Damian amepiga magoti nyuma ya nyavu, anamwambia kitu. Josia akacheka, uso mzima. Damian akampiga picha. Lenzi fupi, hatua tatu.

Mimi nilikuwa nafungua fundo.

Jumatano, 12 Julai

Filamu nzima ina picha moja: goti la kushoto la Josia likitoka kwenye fremu. Lakini goti gani! Vinyweleo vinahesabika. Matone ya tope yamesimama hewani. Sidhani kama kuna goti lililowahi kupigwa hivi mkoa huu.

Ya Damian ni Josia anacheka, meno yote, macho yamefumba nusu. Nimeikuza mwenyewe. Uso hauna uji. Nilimwambia Damian kwamba ni picha nzuri. Kulisema hilo kulinichukua asubuhi yote.

Mchana wakaja, Ma Adventina na Josia mwenyewe. Nikajifungia chumba cha giza, sikio mlangoni. Mama akaona ya Damian. Akasema: "Huyu ndiye, mwanawange. Asante. Huyu ndiye." Nikasikia anapenga kamasi. Nilifurahi. Kweli nilifurahi.

Halafu akauliza ya yule binti iko wapi. Damian, msaliti, akalitoa goti.

Nikatamani kuyeyuka. Ndipo mama akasema kovu hili chini ya goti ni la jembe, Josia akiwa na miaka sita, na Rugaibula ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Akataka zote mbili.

Josia akagonga mlango wangu. Akauambia ubao wa mlango kwamba hajawahi kuliona goti lake hivyo. Tarehe ishirini na tisa anapeleka mahari Kanazi, kwa wazazi wa mchumba wake, sebuleni, watu kumi na wanne, na anataka nipige picha mimi. "Ila dada, safari hii uje karibu. Siumi."

Nikasema ndiyo, kupitia tundu la kitasa.

Damian anasema kazi hiyo inataka lenzi yangu fupi tu, ile ya hamsini, na kusalimia watu vizuri.

Alhamisi, 13 Julai

Nimefikiri kwa makini tangu jana. Somo nimelipata. Mtu haambiwi apige picha ya mahari kwa sababu ya goti, ikiwa goti hilo si la ajabu. Kwa hiyo konveta haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba ilikuwa moja tu.

Zahoro alikuwa na nyingine, mizigo ileile ya Mswidi. Zikifuatana, mia mbili inakuwa mia nane! Nimempa lenzi ya hamsini, na kabla sijatoka dukani kwake alikuwa ameshaiuza.

Andiko hili naliandika jioni nikiwa Kanazi, nilikokuja kukagua mahali mapema. Sebule ina dirisha moja, linatazama kahawa ya jirani. Jirani nilimwandikia barua, nikaisukuma chini ya mlango. Amekubali kwa kichwa, akiwa mbali. Mwanga utapungua mara kumi na sita, lakini hilo nalo nimelimaliza: Josia ameshapelekewa maagizo kwamba wote kumi na wanne wageukie dirishani na wasipumue kwa sekunde mbili.

Mashimo matatu ya ile miti nimeshayachimba.